Mpishi Aliyeogopa Sahani Iitwayo Njaa

Hapo zamani, huko kaskazini ambako mchuzi huganda kabla kijiko hakijafika mdomoni, palikuwa na mpishi jina lake Kolbeni. Kitambi chake kilitangulia mlangoni, yeye akafuata.

Watu wa huko walijua kwamba wafu wana kumbi tatu. Aliyeuawa kwa silaha huenda kwa Odini, mungu wa vita, akala nguruwe anayechinjwa leo na kesho akaamka mzima, achinjwe tena. Aliyekufa maji huenda kwa Rani, mwenye wavu chini ya bahari. Aliyekufa kwa maradhi huenda kwa Heli, malkia wa kuzimu, na huko, jamani, sahani ya mezani inaitwa Njaa.

Basi homa ikamshika Kolbeni. Siku ya tatu akamlilia mkewe: "Ingvila, usiniache niende kwenye sahani ile! Nichome mkuki!" Maana ilikuwa desturi: mgonjwa akitiwa alama ya mkuki, Odini humhesabu askari.

"Mimi hata kuku namchinja nimefumba macho," alisema Ingvila.

"Basi fumba!"

Ingvila akafumba, akachoma. Mkuki ukamwingia takoni. Kolbeni akaruka kitandani, akapita mlangoni, akapita gatini, tubwi baharini! Homa imo mwilini, mkuki umo takoni, maji yamo mapafuni. Akafa. Kilichomuua ni kipi, hata samaki hawakujua.

Papo hapo wakatokea wanawake watatu. Mjumbe wa Odini akamshika mkono. Rani mwenyewe akamvuta mguu. Mlinzi wa lango la Heli akakaa juu ya jiwe, akangoja.

"Ana jeraha la mkuki," alisema mjumbe wa Odini. "Wangu huyo."

"Jeraha la takoni!" Rani akacheka. "Vita gani hiyo aliyoipa mgongo? Pumzi ya mwisho aliikata kwangu, na pete ya dhahabu anayo kidoleni, ndiyo kiingilio cha ukumbi wangu. Wangu huyo."

Kolbeni, maiti na umaiti wake, akapaza sauti: "Kwa Odini sawa! Kwa Rani sawa, samaki pia nala! Kokote, ila si kwa huyo aliyekaa!"

Mlinzi wa Heli hakukasirika. "Homa ilikuwa imekwisha kummaliza," alisema. "Asingechomwa, asingezama, jioni angekuwa wangu. Wenzangu wamedandia chungu kilichokwisha kuiva. Lakini sikia, Kolbeni. Kwa Odini mpishi yupo. Kwa Rani mpishi yupo. Kwetu wako wazee, wanawake waliofia uzazini, na watoto wa surua, na hajawahi kuja mpishi hata mmoja. Wote hukimbilia mkuki. Unadhani sahani yetu ilipataje jina lile?"

Mama mzazi wa Kolbeni, aliyemfundisha kukoroga uji, alikufa kwa kikohozi, na mwanawe hakuwahi kujiuliza mama anakula nini. Aibu ikamshika, na hofu haikumwachia. Mkono unavutwa huku, mguu unavutwa kule, na yule wa tatu bado amekaa, anamtazama.

Haya, nyie mlioshiba. Mmoja ana alama ya mkuki, mmoja ana pumzi ya mwisho, mmoja ana homa iliyotangulia na watu wasiopikiwa. Je, nani alistahili kuondoka na mpishi?