Shikamoo ya Kuazima

Shikamoo ya kuazima haina marahaba.

Ndiyo, Ladislaus, ni methali, na usinikunjie uso kana kwamba nimeitunga sasa hivi ili nikucheleweshe kwenda kula. Ilizaliwa humu humu, kwenye chumba hiki unachokilalamikia joto, na mama yake ni hicho kisanduku kidogo kilichokuzuia kutuma barua pepe yako kwa Mama Skola, mwenye nyumba wetu. Yustina naye avute kiti. Mimi nimeshazeeka, nina miaka ishirini na tisa, na kwenye kazi hii ya kompyuta huo ni umri wa babu. Nikifa bila kuwasimulia, mtabaki mnabonyeza tu.

Mwanzo wake ni huu.

Nyumba hii ilikuwa ya baba yake Mama Skola, Mzee Kasian Ngonyani. Tulipoanzisha karakana yetu ya programu hapa Songea tulikuwa vijana wachache, kompyuta mbili, na feni iliyokuwa ikigeuza shingo polepole kama mtu anayekataa jambo. Wakati huo Mzee alikuwa anahamia Peramiho kwa binti yake, huyo huyo Mama Skola, kwa kuwa mguu ulishaanza kumsumbua. Tukaenda kumwomba vyumba hivi viwili vya mbele. Tulichomekea mashati, tukajiandaa kubishania kodi. Mzee akasema kodi hataki. Anachotaka ni kuamkiwa kila asubuhi. Tangu ajenge nyumba hii, alisema, hakuna aliyekaa ndani yake bila kumwamkia, na haoni kwa nini utaratibu huo ufe eti kwa sababu yeye amehama. Binti yake amemwekea barua pepe kwenye simu, basi tumwamkie huko.

Kazi hiyo tulimpa Editha Haule. Hamkumkuta ninyi, na mmekosa. Alikuwa akinywa chai ya tangawizi kwenye kikombe kilichovunjika mkono, akiandika programu huku anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili tu, hivyo hatukujua kamwe wimbo wenyewe ni upi. Mpaka leo feni ikilia nadhani ni yeye.

Mwanzoni aliandika mwenyewe. Atauliza mguu, atauliza kuku, na Mzee anajibu kirefu. Kisha kazi zikaongezeka. Asubuhi ikawa inampita, shikamoo inakwenda saa saba mchana. Siku moja akasahau kabisa, na Mama Skola akapiga simu kuuliza kama Editha anaumwa, maana Mzee hataki kula mpaka ajue. Editha aliona aibu sana. Na fundi wa kompyuta akiona aibu haombi radhi kama watu wengine. Anaandika programu.

Akatengeneza kiongezeo, kile kijiprogramu kinachobandikwa kwenye kivinjari ili barua pepe ipate ujuzi ambao haikuzaliwa nao. Chetu kilitazama jina la anayeandikiwa, kikaweka salamu inayomfaa. Mtu mzima, shikamoo. Mteja, habari za kazi. Rafiki, mambo vipi mshikaji. Na kwa Mzee Ngonyani kilikwenda mbali zaidi: Editha akifungua tu barua pepe asubuhi, kabla hajatundika mkoba, kiongezeo kimeshatuma "Shikamoo babu, habari za huko?" Marahaba ikirudi, pamoja na lolote Mzee aliloandika chini yake, kinaiweka pembeni isimsumbue kazini. Tulikipigia makofi. Fundi saa wa jirani alikuja kukitazama na akaomba kimsalimie mama mkwe wake.

Sasa sikilizeni, hili litawafaa kazini. Kiongezeo ni mpangaji. Mwenye nyumba akitaka kuhamisha mlango hamwulizi mpangaji, anahamisha. Usiku mmoja wenye ile barua pepe wakaibadilisha sura, vitufe huku, majina kule. Asubuhi kiongezeo chetu kikaingia kama kipofu aliyehamishiwa vyombo, kikapapasa, kikashika jina lisilo lake. Kijana mmoja wa duka la simu, mteja wetu, akapata "Shikamoo babu". Yeye hakuwa na neno, alijibu, "Marahaba mjukuu wangu, soma kwa bidii." Lakini Mzee Ngonyani, pale Peramiho, akavaa miwani, akafungua simu, akakuta "Mambo vipi mshikaji".

Jibu lake lilikuja mapema. "Poa. Mshikaji wako anaomba funguo za nyumba yake."

Chekeni. Siku ile hakuna aliyecheka. Mahali pengine hatukuwa napo, na kazi za wateja zilikuwa mezani nusu nusu. Editha alishinda akikifumua kiongezeo na kukishona upya. Kesho yake asubuhi shikamoo ikaenda kwa Mzee, safi, yenye babu ndani yake. Tukasubiri marahaba. Haikuja. Tangu tuingie nyumba hii ilikuwa mara ya kwanza kuikosa, na ndipo tukagundua kwamba tulikuwa tukiisubiri. Mchana Editha akachukua funguo pale ukutani zilipotundikwa, mimi nikaazima pikipiki ya kaka yangu, tukaenda.

Tulimkuta Mzee uani anapukuchua mahindi, mguu kaunyoosha juu ya kigoda, umefungwa kitambaa. Editha alianza kujieleza hata kabla ya kukaa. Akaeleza vitufe vilivyohama, majina yaliyobadilishiwa mahali, akaeleza kwamba kosa amelirekebisha na halitarudi. Mzee alimwacha amalize, mahindi yakiendelea kudondoka kwenye ungo.

"Kwa hiyo hiyo ya mshikaji haikuwa yako," alisema.

"Haikuwa yangu, babu. Ni ya mashine."

"Na zile shikamoo za kila siku?"

Editha alinitazama. Mimi nikatazama kuku.

"Na zenyewe za mashine, babu."

Gunzi likasimama mkononi mwa Mzee. "Nilikuandikia kwamba mguu umevimba. Asubuhi yake ukaniambia shikamoo babu, habari za huko. Nikakuandikia kwamba wanataka kunipeleka hospitali na mimi naogopa. Ukaniambia shikamoo babu, habari za huko. Nikasema, huyu binti moyo wake mgumu, lakini heshima anayo." Akaliweka gunzi chini. "Sasa marahaba zangu zote nilikuwa nampa nani?"

Swali hilo, vijana wangu, halina programu. Editha aliziweka funguo juu ya gunia. Machozi yalikuwa yameshamfika, lakini hakuyafuta. Akapiga goti pale pale kwenye maganda ya mahindi.

"Shikamoo, babu."

Mzee hakuitikia. 

"Shikamoo ya kuazima haina marahaba," alisema. "Hii yako ya leo, ngoja kwanza niipime."

Akamsukumia ungo. Editha akakaa, akachukua hindi, akaanza kupukuchua. Mimi nami nikapewa fungu langu, ingawa shikamoo yangu hakuna aliyekuwa na shida nayo. Baadaye Editha akauliza mguu ulianza lini. Mzee akasema. Akauliza hospitali anaogopa nini. Hilo nalo akalisema, taratibu, maana yake ni hadithi ya mkewe, aliyepelekwa na hakurudi. Editha akasema atakwenda naye yeye mwenyewe na atakaa nje ya mlango. Vidole vyangu vilishavimba kuliko mguu wa Mzee wakati Mama Skola alipoleta togwa. Tulipomaliza kunywa, Mzee akachukua fimbo yake, akazisukuma funguo kwa ncha mpaka zikafika kwenye goti la Editha.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nyumba yangu muifagie."

Aliporudi, Editha alitoa salamu zote ndani ya kiongezeo. Kilichobaki ni hicho kinachokukera, Ladislaus. Barua ikienda bila salamu kinaizuia, kinauliza "Umemsalimia?", basi. Hakikupi neno, hakikudokezei. Utalitoa mwenyewe au barua italala hapo. Na mguu ulitibiwa, na nje ya mlango alikaa kweli. Tangu hapo kila asubuhi Mzee alikuwa akijibu, "Marahaba, Editha. Hii ni yako?" Naye anamrudishia, "Ni yangu, babu." Mchezo wao huo uliendelea mpaka ule msimu wa baridi Mzee alipofariki usingizini.

Siku iliyofuata mazishi, Editha alitundika mkoba, akafungua barua pepe, akaandika "Shikamoo babu". Kisanduku kikaona kuna salamu, kikapisha. Sote tulikuwa humu ndani. Feni tu ndiyo iliyokuwa ikikataa.

Sasa Editha yuko Dodoma. Kwa miaka kadhaa, kila barua pepe ilipogeuzwa sura na kiongezeo kikafa, alikitengeneza kutoka huko huko, mpaka akanikabidhi mimi. Wiki iliyopita wamehamisha tena vitufe, nimekaa nacho mpaka macho yakawasha, na nilipokuwa nakifumua nikakuta maelezo yake ya zamani, kwa Kiswahili chake kile cha haraka: hapa usiweke neno, mtu aseme. Nikaenda kujitengenezea chai ya tangawizi. Sikuipatia.

Haya, Yustina, acha kufuta macho, hujui hata sura yake. Nawe Ladislaus, paa linavuja na Mama Skola anahitaji kujua, lakini kisanduku bado kinakusubiri. Usinitazame mimi. Yangu nilimpelekea asubuhi, na nimeshaitikiwa. Shikamoo ya kuazima haina marahaba.