Kiboko Ndani ya Gari Lisilonguruma

Enyi wa mbele!
Tunasikia!
Enyi wa nyuma!
Tunasikia kuwashinda wa mbele!
Nina kisa hapa.
Kilete tukione!

Hapo zamani, si zamani sana, zamani ya juzijuzi, palikuwa na Bi Digidigi, mwenye miguu kama vijiti vya kiberiti na macho ya kuona mbali. Alifungua kibanda katika soko la Kiteremkoni akaanza kuuza magari ya umeme. Yalikuwa magari madogo, mekundu kama nyanya, na bei yake nusu ya bei ya magari mengine. Hayakunywa petroli. Unalichomeka ukutani, unalala, unaamka, unakwenda. Nyiii! Hiyo tu ndiyo sauti yake.

Lakini mkubwa wa soko alikuwa Kiboko. Petroli yote, toka bondeni hadi kileleni, aliuza yeye peke yake. Gari lake lilikuwa kubwa kama ghala. Likiondoka, ngrrr-ngrrr-puu! Kuku walioatamia wanakimbia mayai.

Kiboko akasimama katikati ya soko. "Jamani, gari lisilokunywa litapata wapi nguvu? Lile halipandi hata mlima wa zahanati. Litawarudisha kinyumenyume na wagonjwa wenu!"

Soko zima likacheka. Bi Ngiri, mama wa watoto sita, alikuwa tayari ameshika usukani. Akauachia kama umemuunguza. "Nisamehe, shoga yangu. Kila mwezi napeleka watoto zahanati. Nikirudi kinyumenyume, uso wangu nitauweka wapi?"

Siku ya kwanza, hakuna mteja. Siku ya pili, hakuna mteja. Siku ya tatu akaja Kiboko mwenyewe. "Wewe bibie, unanizibia njia. Ijumaa nisikukute hapa."

Bi Digidigi akayatazama magari yake. Shamba la marehemu mama yake ndilo aliloliuza akapata magari yale. Akifukuzwa, aende wapi? Akalitazama tumbo la Kiboko. Akayatazama masikio yake madogo, yanayochezacheza, yanayogeukia kila penye mnong'ono. Akatulia.

"Nimesikia, mzee. Ila nakuomba jambo moja. Gari hili la maonyesho litabaki hapa nje mpaka Ijumaa. Tafadhali, usiliingie."

"Kwa nini nisiliingie?"

"Halingurumi, mzee. Ukipita nalo, watu hawajui kama unakuja. Utasikia wanayokusema kabla hawajanyamaza. Si vizuri kwa mtu wa cheo chako."

"Na nikiliingia?"

"Usiliingie, mzee."

"Lete ufunguo!"

Kiboko akajisukuma ndani. Tumbo likaingia, makalio yakaingia, kichwa kikabaki dirishani. Gari likadidimia kidogo, likaguna, likaondoka. Nyiii!

Akapita kwa wauza samaki. Nyiii! Wakasema, "Kiboko anachanganya petroli na maji." Akasikia. Akapita kwa vinyozi. Nyiii! Wakasema, "Kiboko akinuna, bei inapanda. Akicheka, bei inapanda." Akasikia. Hasira zikampanda, lakini utamu wa umbeya ukazishinda. Akataka zaidi. Akapanda mlima wa zahanati mchana kweupe, akashuka, akapanda tena. Jumatano akapanda. Alhamisi akapanda. Gari likichoka, aliagiza lichomekwe ukutani, yeye akiwa humohumo ndani, palepale kwenye kituo chake cha petroli.

Na watu walipogeuka, walimwona.

"Mama yangu! Yule si Kiboko?"

"Ndiye."

"Na ule si mlima wa zahanati?"

"Ndio wenyewe."

Bi Ngiri akatua kapu la viazi katikati ya njia. "Ikiwa linapandisha mzigo wote ule, wanangu sita si litawaona kama manyoya?" Akakimbia mpaka kibandani, na wengine nyuma yake.

Bi Digidigi hakuwa na haja ya kusifu chochote. Alikuwa akiwafungulia milango tu.

Ijumaa Kiboko akaja kumfukuza Bi Digidigi, ndani ya lilelile gari jekundu la maonyesho. Akakuta foleni kutoka kibandani hadi posta.

"Magari yako wapi?"

"Yamekwisha, mzee. Hawa wanajiandikisha kwa yatakayokuja."

Kiboko akanguruma mpaka vioo vikatetemeka. "Umenifanya tangazo!"

"Mimi, mzee? Si nilikukataza mara mbili?"

"Alikukataza!" foleni nzima ikaitikia. "Na asiondoke mtu hapa mpaka tupate magari yetu!"

Kiboko akaupapasa usukani polepole. "Na hili... hili nitabaki nalo?"

Bi Ngiri akagonga kioo, watoto sita nyuma yake. "Shuka, mzee. Hilo nimelinunua mimi, na leo tuna kliniki."

Walimvuta mafundi wanne, mmoja kila mguu, ndipo akatoka. Akarudi kwake kwa miguu, na njia nzima watu walinyamaza alipokaribia, maana hatua zake zilisikika kutoka mbali. Nyiii! Bi Ngiri akampita akielekea mlimani.

Fundisho ni hili, wanangu: mkubwa akisema ondoka, fungasha uondoke. Bi Digidigi alikaidi, na mnaona yaliyompata. Mpaka leo, kwa wingi wa wateja, maskini hapati hata nafasi ya kuketi.

Mzigo wangu nimeutua. Aliyeupenda aubebe, asiyeupenda anirudishie.