Vifaranga wa Jogoo wa Mzee Chande

Wenye masikio!
— Tupo!
Wenye kuku uani!
— Tupo!
Wenye majirani!
— Tunao, tutafanyaje!
Basi kaeni ninyi, nisimame mimi.

Zamani, kabla bibi zenu hawajaota meno, palikuwa na mjane mmoja, jina lake Mashavu. Alikuwa na mitetea watatu, hana jogoo. Vifaranga ndio chumvi yake, ndio sabuni yake, ndio unga wa wanawe. Ng'ambo ya ua wa makuti alikaa Mzee Chande. Yeye alikuwa na jogoo, na mtaa mzima jogoo alikuwa huyo mmoja. Jogoo haulizi mpaka. Anaruka ua, anafanya kazi yake, anarudi kwao.

Mtetea wa kwanza akaangua. Mzee Chande akaja na tenga.

"Mashavu mwanangu, nipe watatu. Jogoo wangu katoka jasho."

Mashavu akacheka, akampa. Ujirani.

Mtetea wa pili akaangua. Huyo, na tenga.

"Mashavu, safari hii nusu kwa nusu."

Hakucheka, lakini akampa. Wanawake wa mtaa walikwisha kumwambia, "Nyamaza, shoga. Ukimkera atamfunga jogoo, na sisi tukose."

Mtetea wa tatu akaangua. Huyo tena, na tenga kubwa.

"Nimekuja kuchukua wanangu."

"Wanao? Wote?"

"Wote. Baba yao si wangu?"

Mashavu akapiga yowe. Wakaenda kwa Jumbe, mkuu wa mji.

"Bila jogoo wangu," akasema Mzee Chande, "mayai yale yangekuwa viza matupu."

"Na nani aliyatamia siku ishirini na moja?" akauliza Mashavu. "Nani alikonda akabaki manyoya? Jogoo wako hata mlango wa banda haujui!"

Wanaume wakacheka. Jumbe akakuna kidevu. "Mtoto ni wa baba. Awe kuku, awe mbuzi, awe mtu. Nimemaliza."

Mzee Chande akapiga makofi. Wanawake walikuwepo, wengi kuliko wanaume. Niulizeni walisema nini.
— Walisema nini?
Walitazama vidole vya miguu. Kila mmoja alikuwa anamfikiria jogoo.

Haukupita mwezi. Sikudhani, binti wa Mzee Chande, akarudi kwa baba yake jicho limevimba, mtoto mgongoni, mchanga, bado ananyonya. Mumewe alimpiga.

"Baba, sirudi."

"Hurudi, mwanangu," akasema Mzee Chande. Na alisema kweli, alimpenda.

Siku ya tatu mume akaja. Hakuja kuomba radhi. Alikuja na Jumbe, na watu wakajaa uani.

"Mke bakini naye. Nimekuja kuchukua mwanangu."

"Ananyonya!" akalia Sikudhani.

"Atakunywa uji."

Mzee Chande akapiga magoti. "Jumbe, wale walikuwa kuku!"

"Nilisema kuku, mbuzi, mtu. Ukapiga makofi, nilikuona."

Mtu mmoja tu akasimama. Nani?
— Mashavu!
Mashavu. Angeweza kukaa akamtazama adui yake akigaagaa. Mimi ningekaa, siwadanganyi.

"Jumbe, hukumu ile ilikuwa mbovu kwangu, na ni mbovu kwa binti huyu. Ifute."

Jumbe akawageukia wanawake. "Yupo mwingine anayesema hivyo?"

Kimya. Safari hii jogoo hakuwa sababu. Walikuwa wamezoea tu.

Mtoto akachukuliwa. Alilia njia nzima mpaka sauti ikapotea. Mzee Chande akabeba tenga, akawarudisha vifaranga kwa Mashavu. Mtetea hakuwatambua. Akawadonoa vichwani, mmoja mmoja, mpaka Mashavu akawatoa.

Na Sikudhani? Siku tatu alikaa nyuma ya nyumba akikamua maziwa yake mchangani, maana matiti yalijaa yakamuuma, na wa kunyonya hayupo. Wanawake wa mtaa wakampelekea uji wa moto. Wote. Hakuna aliyekosa. Majirani wema sana.

Hadithi nimeitua hapa, na sina utamu wa kuwafungia mwende nao. Anayetaka mwisho mwingine asimame auseme. Ila ausemee barazani, asiusemee jikoni.