Kondoo Apigaye Chafya

Nyoka hana adabu ya kubisha hodi. Akishaingia ndani, fimbo uliyoiacha shambani, hata iwe ya mti mgumu namna gani, haikufai kitu. Ndiyo maana wahenga wakasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Chepkemei, mjane aliyeuza ugoro katika soko la Nakuru, aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila hakudhani kwamba ilimhusu yeye.

Mwaka huo wa 1958 ugoro wake ulivuma. Wazee walitoka Keringet, wengine Kariandusi, wakipita vibanda vya watu kama hawavioni. Wengi hawakujua kusoma. Walitafuta picha iliyobandikwa kwenye mkebe: kondoo dume anapiga chafya, mdomo wazi, macho ameyafumba. Chepkemei aliichora mwenyewe, siku kondoo wake alipotia pua kwenye ugoro ulioanikwa juani.

Kiprugut, rika la marehemu mumewe, alikuwa karani wa wakili mmoja mjini. Kila alipopita kibandani wimbo wake ulikuwa uleule.

"Shemeji, umeiandikisha alama hiyo?"

"Niiandikishe ya nini? Nani asiyejua kwamba ni yangu?"

"Hata ndama wenu walijulikana. Mbona marehemu aliwakata alama masikioni kabla ya kuwapeleka kulamba chumvi pamoja na ng'ombe wa watu?"

Kesho yake Chepkemei akafunga kibanda, akamfuata Kiprugut kwa wakili wake.

Alipofika ofisini alitaka maneno "Ugoro Mkali wa Nakuru" nayo yawe yake peke yake. Kiprugut akaangua kicheko.

"Shemeji, kila muuza ugoro husema wake ni mkali, na Nakuru ni yetu sote. Msajili atakataa. Lakini kondoo mwenye mafua? Huyo hana mwenzake. Tutamwandikisha kwa ugoro. Mtu akimchora kwenye jembe, usimkimbize na mwiko."

Maombi yakapelekwa Nairobi. Alama ikatangazwa katika Gazeti la Serikali, kama kanisa linavyotangaza ndoa, ili mwenye pingamizi aseme. Hakusema mtu. Cheti kilipokuja, Chepkemei alikifungia sandukuni, akinung'unika kwamba amehangaishwa bure.

Haikupita miezi mingi. Siku moja ya soko Mzee Kipkorir wa Keringet alifika, pua imevimba kama kiazi. Akautupa mkebe mezani.

"Mama, pua yangu ilikukosea nini? Umenitilia pilipili! Na wenzangu wameapa hawanunui tena kwako."

Ugoro ndio uliowalisha watoto wake na kuwasomesha. Chepkemei akauchukua mkebe, akaukagua. Kondoo alikuwa yuleyule, mdomo uleule. Lakini macho yalikuwa wazi.

"Mzee, umewahi kuona kiumbe akipiga chafya macho wazi?"

Mzee akafikiri, akajaribu, akashindwa. "Huu niliununua dukani kwa Kimaiyo, karibu na stesheni. Nilidhani anachukua kwako."

Chepkemei alikimbia nyumbani akachukua cheti, yeye na mzee wakampitia Kiprugut, wakaenda dukani. Kimaiyo aliwapokea meno nje.

"Kondoo ni wa Mungu," alisema. "Tena wangu yuko macho. Wa mama huyu amelala!"

"Sheria haihesabu kope, Kimaiyo," Kiprugut akamjibu. "Inauliza kama mnunuzi atadanganyika. Mnunuzi ndiye huyu, na pua yake ndiyo shahidi." Akakikunjua cheti. "Bila hiki, tungezunguka bonde zima tukiwakusanya wazee waape kwamba kondoo ni wa mama, nawe unauza tu. Sasa safari ni fupi. Alama ni yake, imeandikishwa kwa ugoro. Tuonane mahakamani?"

Kimaiyo alikisoma cheti, akakisoma tena. Meno yakarudi ndani. Akaitoa mikebe mwenyewe, akabandua picha zote mbele yao, na siku ya soko iliyofuata akatangaza peupe kwamba kondoo yule hakuwa wake. Wazee wakarudi kwa Chepkemei mmoja mmoja, pua zikitangulia.

Chepkemei alimpelekea Kiprugut kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa.

"Shemeji, nilikuita msumbufu."

"Uliniita pia inzi wa kidonda."

"Hilo nalifuta. Usingenisumbua, leo ningekuwa nalia na watoto. Asante. Mungu akuzidishie usumbufu!"

Akampa na mkebe wa ugoro. Kiprugut, ambaye hakuwahi kuuonja, akanusa kidogo kwa heshima, akapiga chafya kofia ikaanguka. Chepkemei akamchungulia usoni: macho yalikuwa yamefumbwa barabara. Akacheka hadi machozi yakamtoka.

Tangu siku hiyo cheti hakikulala tena sandukuni. Kilitundikwa kibandani, pale mkono unapofika bila kunyooshwa. Kwani kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.