Kiingereza cha Bwana Mghase

Bwana Mghase, mwenye hoteli pale Karatu, alijitapa kwamba Kiingereza alikinyonya kwenye ziwa la mama. Asubuhi moja alimfokea Tluway, mtembeza wageni wake, mbele ya wapishi na madereva.

"Nimekusikia na 'gona' na 'wona' zako badala ya 'going to' na 'want to'! Kiingereza cha kijiweni hicho. Fungasha virago!"

"Lakini bosi, hata Wazungu wenyewe husema hivyo."

"Unifundishe mimi? Mzungu hanipiti hata neno!"

"Haya bosi, wewe ndiye mwalimu. Basi niwaage wageni tu."

Tluway akawaendea wageni waliokuwa wakingoja gari hapo uani, akamnong'oneza bibi mmoja wa Kizungu. Bibi akacheka, akamgeukia Mghase na kumwaga maneno mbiombio, yote yamekatwa mikia. Mghase hakuambulia hata moja. Lakini wapishi walikuwa wamemkodolea macho. Akiri mbele yao? Thubutu! Akavimbisha kifua.

"Yesi, yesi! Veri gudi!"

Wageni wakapiga makofi.

"Ahsante sana, bosi," Tluway akasema kwa sauti. "Bibi amekuomba unirudishe kazini, tena niwapeleke Ngorongoro kwa gari lako jipya. Au hukumwelewa?"

"Nimemwelewa neno kwa neno!" Mghase akanguruma, akamtupia funguo.