Dumu Lililokwenda Kuona Bahari

Bahari haihami, mwenyeji huhama.

Ndivyo Tausi alivyowajibu leo, watoto, mlipomwomba kesho apitilize Gairo ili muwahi kuogelea Pangani. Mlinuna, kisha mkauliza maneno hayo ameyatoa wapi. Hakuyatoa kitabuni. Yalizaliwa kwenye barabara hii hii, mwaka ambao Tausi mwenyewe alikuwa wa kubebwa mgongoni, na yalizaliwa vipande viwili, kimoja wakati wa kwenda na kingine wakati wa kurudi.

Mama yake, Mwantumu, ni mzaliwa wa Pangani aliyeolewa kwetu Kiomboi. Miaka minne ilipita bila kukanyaga kwao. Mdogo wake alipopata mchumba na harusi ikapangwa Jumamosi, mumewe hakupata ruhusa kazini, basi aliyempeleka ni babu wa mumewe, Mzee Msengi, dereva mstaafu wa malori, kwa pikapu yake ya bluu.

Safari ilikuwa ya siku tatu, na Mzee Msengi alikuwa na mwenyeji katika kila mji mdogo. Hakuwahi kumfikia hata mmoja mikono mitupu. Alichopewa mji huu alikipeleka mji ule: jogoo wa Singida alishuka Manyoni, asali ya Manyoni ikashuka Kibaigwa. Na kila aliposhuka, alikaa. Chai ilichemshwa upya, wajukuu waliulizwa mmoja mmoja kwa majina.

Mwantumu alikuwa akitazama jua. Alitaka kumkuta mdogo wake kabla hajapakwa hina.

"Babu, kwa mwendo huu tutakuta bibi harusi ana wajukuu."

"Mke wangu, hata wewe nilikuchelewesha, na bado ukaolewa," mzee akamjibu. Ndio utani wao, maana mke wa mjukuu ni mke.

Walipoikaribia Gairo, Mwantumu alijua kuna kituo kingine. Nyuma ya kiti palikuwa na dumu la mafuta ya alizeti, na lilikuwa la kumpelekea Mama Chiduo, muuza viazi vitamu. Alimkumbuka vizuri. Siku alipopelekwa Kiomboi akiwa bibi harusi, alifika Gairo ametapika njia nzima. Mama Chiduo alimwosha miguu kwa maji ya vuguvugu, akampa kiazi cha moto na chumvi kidogo, akamwambia, "Ukipita tena, pita na mtoto. Nataka nimbebe." Mwantumu alikuwa ameahidi.

"Tukisimama hapa, hatutoki kabla ya saa tisa," alisema. "Nakuomba, babu. Tutamsalimu tukirudi."

"Bahari haihami, mke wangu."

"Hina ndiyo inayohama."

Mzee alicheka, akatikisa kichwa, akakubali. Walipofika mjini alipiga honi mara tatu bila kupunguza mwendo. Kando ya barabara wauza viazi walikuwa wakiinua mabeseni na kupunga mikono kama wanavyofanya kwa kila gari. Mwanamke mmoja hakuinua beseni. Alisimama akipunga kanga. Mwantumu aliona ni muuzaji kama wengine, akageuka kumnyonyesha mtoto.

Pangani walifika mapema, tena mapema mno. Mwanamke wa kupaka hina alikuwa na msiba wa jirani, akasogeza kazi mpaka kesho yake. Mwantumu akakaa barazani siku nzima akikuna nazi, na bahari ikawa pale pale alipoiacha, inakuja na kurudi. Harusi ilifana. Mama yake alipoomba lile dumu kwa mapishi, Mzee Msengi alikataa kwa upole.

"Haya yana mwenyewe, mkwe. Ngoja nikakununulie mengine."

Wakati wa kurudi walisimama Gairo. Kibanda kilikuwa kimefungwa kwa waya. Benchi lilikuwepo, limegeuzwa miguu juu. Muuza viazi wa pembeni aliwatazama, kisha akaitazama pikapu.

"Mama Chiduo alichukuliwa na binti yake juzi. Wamempeleka Mpwapwa. Magoti yamekataa kusimama barabarani, hatauza tena."

"Hakuacha neno?" Mzee Msengi aliuliza.

"Neno la nini, na nyinyi mlipita? Aliijua honi yako. Siku hiyo hakuuza hata kiazi kimoja, alikuwa amepata salamu zako kwamba mnakuja, amepika anawangoja. Akaniambia, wamenipigia honi tu kwa sababu wamelala njiani wamechelewa, watageuza mbele pale. Akasimama na kanga yake mpaka jua likaingia."

Mwantumu alimshika mtoto vizuri zaidi. Kanga ile akaiona tena akilini, na mkono ulioishika. Walirudi garini, wakapita Pandambili na Kibaigwa, dumu likigonga nyuma ya kiti. Walipofika Mbande, penye njia ya Kongwa, Mwantumu ndiye aliyesema.

"Babu, kata kushoto."

"Mpwapwa ni mbali, mama. Nyumbani wanatungoja kesho."

"Nyumbani tutawakuta. Uliniambia bahari haihami, nikakubishia. Mwenyeji ndiye anayehama."

Mzee aliwasha taa ya kushoto.

Waliifikia nyumba ya yule binti alasiri, baada ya kuulizia milango mitatu. Mama Chiduo alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, anamenya viazi vya watu wa nyumbani. Aliinua macho, akamwona Mzee Msengi na dumu lake.

"Mlikuwa na haraka," alisema.

"Tulikuwa na haraka, mama," Mwantumu akajibu, akapiga magoti. "Nisamehe."

"Na bahari mliikuta?"

"Tuliikuta."

"Haijaondoka?"

"Haijaondoka, mama."

Mama Chiduo akacheka mpaka kisu kikamdondoka. "Na mafuta yangu nayo yameiona? Basi yamenizidi, maana mimi sijawahi." Akafuta mikono kwenye kanga, ile ile, akaitandaza mapajani. "Nipe mwanangu."

Tausi, ambaye kwa wageni alikuwa mtoto wa kulia, alikaa mapajani mwake akakikamata kiazi cha kupondwa alichopewa, akajipaka mpaka kwenye nyusi. Siku ile hawakuondoka. Wala ya pili yake.

Tausi hakumbuki lolote. Lakini tangu aliposhika usukani, hajapita mji wa watu kwa honi. Kwa hiyo kesho akisimama Gairo, shukeni, mkaribishwe, mle. Huyo mwenyeji mtakayemkuta hapo hakuwekwa na barabara, naye siku moja ataondoka.

Bahari haihami, mwenyeji huhama.