Vazi Analoliacha Mtoto wa Panzi

Sogeeni, na anayetafuna mahindi atafune polepole, maana kisa hiki ni cha mdudu mdogo na mama yake.

Zamani hizo panzi alitoka kwenye yai akiwa na mabawa kamili. Mnadhani lilikuwa jambo jema? Halikuwa jema hata kidogo. Kitoto hakijajua hata kushika unyasi, upepo ukipita unakibeba, mama anabaki akitazama mbuga tupu. Kemilembe, panzi hodari wa kushona, alikuwa amepoteza hivyo wanawe wote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Alipoanguliwa kitindamimba wake, Mwesige, Kemilembe hakuungoja upepo. Alimshonea vazi gumu la majani makavu, akayakunja mabawa ndani yake, akakaza nyuzi mgongoni. Upepo ulikuja, ukamtikisa Mwesige, ukaenda zake. Siku hiyo Kemilembe alishinda anacheka peke yake.

Lakini hofu ilimsahaulisha jambo ambalo kila mama anayemshonea mtoto analijua: hakuacha upindo wa kukulia. Mwesige alikula, akanenepa, vazi likabaki vilevile.

"Mama, linanibana."

"Acha likubane, baba. Likikubana ndiyo nakuona."

Asubuhi moja alimkuta ananing'inia kwenye unyasi, kichwa chini, kimya. Mtoto aliyeushinda upepo alikuwa anakufa ndani ya kazi ya mikono ya mama yake. Kemilembe aliirarua mishono ya mgongoni kwa meno. Mwesige akachomoka taratibu, mweupe, laini, mabawa yamesinyaa kama makapi ya mtama. Kisha akavuta pumzi, na mama yake akalia bila kujificha.

Alimshonea vazi jingine, kubwa zaidi, na mgongoni akapiga mshono hafifu. "Likikubana, jikaze lipasuke," alimwambia. "Nami nitakuwa nimekushonea jingine. Ukishapata nguvu za kushindana na upepo, nitakushonea la kuyaacha mabawa nje."

"Na mavazi ya zamani niyapeleke wapi, mama?"

"Yaache hapo hapo kwenye unyasi. Nikipita nikayaona, nitajua umekua."

Na tangu siku hiyo mtoto wa panzi huanguliwa amevaa vazi, mabawa hayaonekani, hupasua vazi baada ya vazi, na la mwisho ndilo humpa mabawa ya kurukia. Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkikuta ganda kavu limening'inia kondeni, msilikung'ute. Huenda mama yake bado hajapita.